Kashe, plani na fakture: maswali ya wanaoshika biro za waarkitekti na mainjinia

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watu ambao majina yao hayaandikwi kwenye kartushi ya plani (kisanduku cha maelezo pembeni mwa mchoro): masekreteri, wapokezi, watunza dosye na wasaidizi wa uhasibu katika biro za waarkitekti na mainjinia hapa Lubumbashi. Tumechagua saba. Mbili zilikuja na hasira, na hasira hiyo hatukuifuta.

*Fundi alijenga ukuta wa choo kwa kufuata plani ya zamani. Patron anasema kosa ni langu kwa sababu mimi ndiye niliyepeleka plani kwenye shantie. Mimi nilipeleka nilichopewa! Nifanyeje jambo hili lisirudi?*
Sekreteri, Kampemba

Mama, aliyebeba karatasi hana kosa. Kosa ni la biro kukaa bila rejista ya plani. Lakini tukuambie ukweli: rejista hiyo hakuna atakayeianzisha usipoianzisha wewe, kwa hiyo ianzishe kesho asubuhi.

Daftari kubwa linatosha, au faili ya Excel. Weka safu nane: namba ya plani, jina lake, skeli (1/50, 1/100), indisi (herufi ya toleo la plani), tarehe ya indisi, nakala ngapi zimetoka, nani kapokea, lini. Plani ya kwanza kutoka nje ya biro ina indisi A. Biro nyingine huanza na 0. Yote sawa, mradi msichanganye. Baada ya hapo kitu chochote kikibadilika, hata mlango ukisogea sentimita 20 tu, indisi inapanda: B, C, D. Hapa ndipo mambo huharibikia. Mchoraji anasogeza mlango, anasema "ni kitu kidogo", anaacha indisi ileile. Sasa kuna plani mbili zinazoitwa B na hazifanani, na hakuna rejista duniani inayoweza kukuokoa. Kwa hiyo kabla ya kupeleka plani kuchapwa, soma kartushi: indisi, tarehe, na kajedwali kadogo kanakoeleza kilichobadilika. Tarehe ya faili kwenye kompyuta ikiwa mpya kuliko tarehe ya kwenye kartushi, irudishe kwa mchoraji. Huhitaji kujua ujenzi ili kuona hilo.

Majina ya faili nayo yafuate mpango mmoja, kwa mfano 2514_ARC_104_C: namba ya mradi, fani, namba ya plani, indisi. Mkiona faili inaitwa "final", kisha "final2", kisha "final ya kweli", jueni kuna ukuta mahali fulani utakaobomolewa.

Plani ikitoka, itoke na burdero (karatasi ya makabidhiano) ya nakala mbili. Moja inabaki shantie, nyingine inarudi kwako na jina, cheo, saini, tarehe na saa ya aliyepokea. Hiyo ndiyo desharje yako, yaani ushahidi kwamba ulikabidhi. Saini ya mlinzi wa getini isiyo na cheo haina uzito. Tafuta konduktera wa shantie au msimamizi wa mkandarasi. Ukipeleka indisi C, rudi na B. Ulipeleka nakala tatu za B, urudi na tatu. Isiyopatikana iandikwe kwenye burdero kwamba haikurudishwa. Zilizorudi zipigwe mstari mwekundu na neno ANNULÉ, kisha ubakize moja kwenye farde. Usizitupe zote, maana siku ya ugomvi hiyo ya zamani ndiyo itakayoonyesha ukuta ulikuwa wapi.

Halafu kuna WhatsApp. Injinia anapiga picha ya skrini saa tatu usiku, anaituma kwa fundi, na asubuhi watu wanachimba. Hutaweza kumkataza. Unachoweza ni kuhakikisha kila picha inafuatwa kesho yake na PDF yenye indisi pamoja na burdero, na kwenye kundi unaandika sentensi moja: "Plani 104, indisi C ndiyo inayofuatwa. B imefutwa." Sentensi hiyo ina tarehe na saa bila wewe kuongeza kitu.

Jambo dogo ambalo wengi hulidharau ni kukunja. Plani ya A1 ina milimita 594 kwa 841, ya A0 ina 841 kwa 1189. Zote zikunjwe hadi zifikie ukubwa wa A4, yaani 210 kwa 297, kartushi ikibaki nje inaonekana, kwenye kona ya kulia chini. Plani iliyokunjwa kartushi ikiwa ndani haitasomwa. Itachukuliwa tu ile iliyo karibu na mkono.

Kuhusu ukuta wa choo: tafuta burdero. Kama C ilitoka tarehe 10 na matofali yakapangwa tarehe 12, swali ni nani aliipokea C. Kama hakuna burdero, jibu litakuwa la mwenye sauti kubwa, na katika biro nyingi huyo ni patron.

*Tulimaliza stadi (utafiti wa kiufundi) ya hangari ya kampuni moja ya migodi upande wa Kolwezi. Fakture ina miezi mitatu. Kila nikipiga simu naambiwa "iko kwa uhasibu".*
Msaidizi wa utawala, katikati ya mji

"Iko kwa uhasibu" mara nyingi maana yake ni kwamba imewekwa pembeni na hakuna aliyekuambia. Katika kampuni kubwa fakture haisomwi peke yake. Inawekwa kando ya karatasi mbili nyingine: bon de commande (hati ya kuagiza) iliyotoka kwa idara ya manunuzi, na uthibitisho kwamba kazi imepokelewa, uwe PV (hati ya mapokezi ya kazi) au hati ya huduma yenye saini ya aliyeagiza. Zikitofautiana kwa dola moja, au kwa jina la kampuni lililofupishwa, mhasibu hapigi simu. Anapita kwenye fakture inayofuata.

Kwa hiyo chukua bon de commande na fakture yako, uziweke meza moja. Namba ya bon iko kwenye fakture? Maelezo ya kazi ni yaleyale, neno kwa neno? Kama bon ina mistari miwili, stadi na safari, na wewe umeandika mstari mmoja wa jumla, hapo umeshapata tatizo. Jina la mteja ni lile la kisheria, si lile linalotamkwa mjini? TVA ya 16% iko kwenye mstari wake, na namba ya kodi, RCCM (namba ya rejista ya biashara) na kitambulisho cha taifa cha biro vipo? Namba ya akaunti ya benki ni ileile mliyosajili kwao kama wasambazaji? Kama mmebadili benki bila kuwaandikia barua, malipo yatasimama hata kila kitu kingine kikiwa safi.

Kwa wateja wa migodi ongeza jambo la usajili. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu sous-traitance (kufanya kazi kwa niaba ya kampuni nyingine) inawahusu hata mainjinia, si wajenzi tu, na wateja wengi hawafungui dosye ya msambazaji bila karatasi ya ARSP, mamlaka inayosimamia sous-traitance. Angalia tarehe yake, isije ikawa imekwisha mkiwa bado katikati ya kazi.

Kosa la pili ni mahali pa kuiweka. Injinia aliyeagiza stadi siye anayelipa. Fakture iliyolala kwenye barua pepe yake haijapokelewa na kampuni, na zile "siku 30" za kwenye mkataba hazijaanza kuhesabiwa. Ipeleke kwenye anwani iliyoandikwa kwenye bon, na ukipeleka karatasi chukua desharje yenye kashe kwenye nakala yako.

Ukipiga simu usiulize "fakture yetu imefika wapi?" Swali hilo lina jibu moja, nawe unalijua tayari. Uliza: imesajiliwa tarehe gani, imepewa namba gani kwenu, inasubiri saini ya nani, na malipo yanayofuata yanatoka siku gani? Mtu aliyeulizwa namba hulazimika kufungua kompyuta. Piga siku ya tatu kuhakikisha imesajiliwa, siku ya 15 kujua kama imeidhinishwa, na siku ya 28. Ikipita 30, barua rasmi yenye saini ya patron.

Kwa kazi ijayo, mwambie patron asingoje mwisho ndipo adai. Stadi ya dola 18,000 inaweza kugawanywa: 30% wakati wa kusaini, yaani 5,400, 40% wakati wa kukabidhi stadi ya awali, 7,200, na 5,400 zilizobaki kwa dosye ya mwisho. Kila sehemu iwe na karatasi inayoifungua. "Baada ya kuridhika kwa mteja" si karatasi.

*Arkitekti wangu ananipa dekonti za mkandarasi nizipitie hesabu kabla hajasaini. Mimi nilisoma sekretaria, si ujenzi. Niangalie nini?*
Msomaji, komini ya Kenya

Hukuachiwa kazi ya ujenzi. Kama vipimo vya zege ni vya kweli, hiyo ni ya arkitekti. Yako ni kuona kwamba hesabu inafuata mkataba, na kila mwezi makosa huwa yaleyale.

Jambo la kwanza la kushika: dekonti, yaani dai la malipo la mkandarasi, huhesabu kazi yote tangu mwanzo, kisha hutoa kilichokwisha kulipwa. Chukua mkataba wa dola 200,000 bila TVA. Mkandarasi alipewa malipo ya awali ya 20%, yaani 40,000, yanayokatwa kwa 20% kwenye kila dekonti, na kuna 10% inayozuiliwa kama dhamana. Mwisho wa mwezi wa tatu kazi iliyofanyika tangu mwanzo ni 90,000. Toa dhamana 9,000, toa marejesho ya malipo ya awali 18,000, inabaki 63,000. Dekonti mbili zilizopita zilifikia 41,300. Mwezi huu anadai 21,700. Hakikisha kwa njia ya pili: kazi ilipanda kutoka 59,000 hadi 90,000, tofauti ni 31,000, na 70% yake ni 21,700. Njia mbili zisipokutana, usipitishe.

Kinachokosewa zaidi ni safu ya "iliyotangulia". Mkandarasi ananakili faili ya mwezi uliopita, anasahau kuhamisha namba, na ghafla analipwa mara mbili au hajilipi. Chukua dekonti iliyopita yenye saini, si faili, ulinganishe mstari kwa mstari. Halafu bei: kila bei ya kipimo iwe ileile ya kwenye mkataba, hadi senti. Kazi isiyo kwenye mkataba haiingii kwenye dekonti mpaka kuwe na avenanti (nyongeza ya mkataba) au agizo la maandishi. Ikichomekwa katikati ya mistari mingine, izungushie kalamu na umpelekee arkitekti bila maneno mengi. Na kila dekonti iambatane na jedwali la vipimo lililosainiwa na pande mbili.

Dhamana ile ya 10% ifungulie ukurasa wake. Kuna mikataba inayoirudisha nusu wakati wa mapokezi ya muda (jengo linapokabidhiwa mara ya kwanza) na nusu wakati wa mapokezi ya mwisho, na mara nyingi kati ya hayo mawili kuna mwaka mmoja. Mwaka ni mrefu. Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, maana mkandarasi ataikumbuka na mwenye nyumba hataikumbuka.

*Ofa zetu za Kinshasa zinakataliwa kwa vitu vidogo vidogo. Kuna njia?*
Sekreteri, Golf

Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Mwisho wa kupokea ukiwa 11h00 Kinshasa, hapa ni 12h00, na hiyo ni zawadi. Hatari iko upande wa pili: zabuni inafunguliwa Lubumbashi na mshirika wenu wa Kinshasa anawatumia ukurasa wa mwisho "saa nne na nusu" ya kwake. Saa ziandikeni kwa tarakimu, 10h30, pamoja na jina la mji.

Kwa zabuni za stadi bahasha huwa mbili, ya kiufundi na ya bei. Bei ikionekana popote kwenye ya kiufundi, hata kwenye jedwali la siku za kazi lililonakiliwa na dola zake, mmetoka. Kazi hiyo ya kupekua ukurasa kwa ukurasa mpe mtu ambaye hakuandika ofa. Karatasi za utawala, yaani cheti cha kodi, cha CNSS (hifadhi ya jamii) na cha INPP (taasisi ya mafunzo ya kazi), ziwe kwenye jedwali lenye tarehe ya kuisha ya kila moja, na anza kuomba mpya wiki tatu kabla. Ukianza siku ofa inapotangazwa umechelewa.

*Nina miaka saba kwenye biro hii. Sina kontra ya maandishi. Nikiuliza, patron anasema "bado tunakuangalia". Miaka saba ananiangalia nini?*
Mama wa watoto watatu, Katuba

Swali lako tumelisoma mara mbili kwa sauti.

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, haimpi patron nafasi hiyo. Majaribio lazima yaandikwe, na kwa mtu wa biro hayazidi miezi sita. Pasipo maandishi, kontra inahesabiwa kuwa ya muda usio na kikomo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo kontra unayo. Unachokosa ni karatasi, na patron ndiye anayepaswa kuogopa kukosekana kwake.

Akitaka kukuondoa bila kosa zito, sababu halali iwepo, na preavi (notisi) ni siku 14 za kazi pamoja na siku 7 kwa kila mwaka kamili. Miaka saba ni 14 na 49, jumla siku 63 za kazi. Ukiondoka wewe mwenyewe, nusu yake. Likizo yako haiko chini ya siku moja ya kazi kwa kila mwezi, ikiongezeka siku moja kwa kila miaka mitano: kwako 13 kwa mwaka.

La kuangalia haraka zaidi ni CNSS. Mchango ni 18% ya mshahara, 5 kutoka kwako na 13 kutoka kwa mwajiri. Kama 5 inakatwa kwenye karatasi yako ya malipo, nenda CNSS na kitambulisho uulize kama umeandikishwa na miezi mingapi imeingia. Kukatwa na kupelekwa ni vitu viwili tofauti. Kusanya kimya kimya ushahidi wa miaka saba: karatasi za malipo, ujumbe wa benki, burdero zenye saini yako, barua ulizoandika kwa jina la biro. Halafu mwandikie patron barua ya heshima, ukurasa mmoja, ukiomba kazi iliyopo iandikwe, na uchukue desharje. Ndiyo, desharje kwa patron wako mwenyewe. Akikataa kusaini, kuna Inspeksheni ya Kazi.

Na kwa mapatron wanaosoma safu hii: vibarua wa siku kwenye shantie nao wana hesabu yao. Aliyefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, mkimwajiri tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria inamhesabu kuwa wa muda usio na kikomo. Sekreteri anayeshika daftari la siku anaweza kuwaambia mapema. Msikilizeni.

*Dosye za zamani tuzitunze miaka mingapi? Kabati zimejaa, na mvua ikianza paa linavuja.*
Mtunza dosye, Kamalondo

Vitabu vya hesabu na fakture, miaka 10 kwa kanuni za OHADA, sheria ya biashara inayotumika katika nchi nyingi za Afrika. Plani, PV na stadi za udongo zinakaa angalau miaka 10 tangu mapokezi, kwa sababu kanuni ya madai inamwajibisha arkitekti na mjenzi kwa muda huo jengo likianguka kwa kasoro ya ujenzi au hata ya udongo. Stadi ya udongo ndiyo watu huitupa kwanza, maana ina kurasa nyingi na hakuna anayeielewa. Ndiyo ya mwisho kutupwa.

Unachoweza kuondoa leo: nakala za ziada, rasimu zisizotoka nje ya biro, katalogi za vigae. Kabati ziinue sentimita 15 kutoka sakafuni na uziweke mbali na ukuta wa nje kabla ya Novemba. Zilizoskaniwa ziwe mahali pawili, diski moja ikilala nje ya biro, na mara moja kwa miezi mitatu fungua faili tano bila kuchagua uone kama zinafunguka. SNEL ikikata umeme kompyuta ikiwa inanakili, diski huweza kuharibika bila kelele.

*Mimi ni kijana wa kiume, ninafanya usekreteri kwenye biro ya mainjinia. Wenzangu wananicheka. Kuna kupanda huku, au nitafute kitu kingine?*
Msomaji, Ruashi

Wacheke. Ngazi ipo, ila haipandwi kwa kuzeeka kwenye kiti. Hatua inayofuata ni kusimamia dokumenti za mradi mzima, kazi ambayo kampuni za migodi huitafutia watu: mtu mmoja anayejua kila plani iko indisi gani, iko kwa nani, na jibu lake linangojwa tangu lini. Baada yake kuna msaidizi wa mradi, halafu msimamizi wa utawala wa biro nzima.

Jifunze kusoma plani kiasi cha kutofautisha kati ya kata (jengo likichorwa kama limekatwa), sura ya mbele na plani ya msingi. Wiki chache za kukaa na mchoraji saa ya mchana zinatosha. Jifunze Excel mpaka dekonti isikutishe. Jifunze Kiingereza cha kuandika barua, kwa sababu bon de commande nyingi za migodi zinakuja kwa lugha hiyo. Jioni kuna masomo ISC, chuo cha biashara. Na INPP: biro yenu, ikiwa na watu wasiozidi 50, inachangia 3% ya mishahara huko kwa ajili ya mafunzo. Muulize patron ni nani wa biro yenu ameshapelekwa kusoma kwa fedha hiyo, na kama hakuna, mpelekee fomu ikiwa imejazwa, imebaki saini yake tu.